Siku Niliyobaki Kitini

Katika chama chetu cha wakunga na wauguzi wanawake hapa Garissa, fomu ya kujiunga si kitu. Fomu hata mwizi anajaza. Kinachokufanya mwanachama ni kusimamiwa. Unaketi mbele ya wenzako kwenye kiti cha plastiki, kisha wanachama wawili wanasimama, mmoja baada ya mwingine, wanaeleza wamekujua tangu lini, umesomea wapi, umezalisha wapi. Wakishaketi, mwenyekiti anauliza kama kuna mwenye neno. Asipokuwapo, tunapiga makofi, unakunywa chai nasi, na kuanzia siku hiyo wewe ni dada wa chama.

Waanzilishi ndio waliotuwekea mtindo huo, na walikuwa na sababu zao. Huku kwetu, kwa miaka mingi, ukitaka kitambulisho ulipelekwa mbele ya jopo. Maafisa upande huu, wazee wa koo upande ule. Ukaulizwa jina la babu wa babu yako, kisima ambacho ngamia wao walinywesha, na kama kuna mtu yeyote pale anayekujua. Msichana wa Nyeri haulizwi babu yake alinywesha ngamia wapi. Sisi tuliulizwa, na wanawake wenye diploma walitetemeka mbele ya mzee anayetafuna miraa. Ndipo waanzilishi wakasema: na tuwe na mahali petu, ambapo mwanamke atajulikana na wanawake wenzake. Nia ilikuwa njema, sikatai. Lakini tulichofanya mwishowe ni kujijengea jopo letu wenyewe, tukalipaka hina.

Mimi nimekuwa katibu wa chama hicho kwa miaka sita. Nasema hivyo mapema ili asije mtu akadhani nilikuwa pembeni tu nikitazama.

Binti wa habaryar wangu, yaani mdogo wa mama yangu, alilelewa nyumbani kwetu mtaa wa Iftin tangu alipofiwa na mama yake akiwa na miaka minne. Ananizidi miezi michache. Tulilala mkeka mmoja, tukaenda madrasa pamoja, tukachapwa pamoja. Watu wa mtaani walituita pacha, ingawa yeye alikuwa na akili mara mbili yangu na utulivu mara kumi. Baba yake alikuwa mtu wa Bute, mfugaji, ambaye alikuja mara moja kumtazama, akaacha mbuzi wawili, akaenda zake na hakurudi.

Mwaka ule wa ukame tulikuwa na miaka tisa. Mbuzi wa babu yangu walikwisha wote. Mama aliyekuwa akiuza anjera asubuhi hakuwa na unga hata wa kutupikia sisi. Ndipo wanawake wa mtaani wakaanza kuambiana kwamba kule Dadaab, kwenye kambi, mtu akifika na mtoto akasema ametoka ng'ambo ya mpaka, anaandikishwa na kupewa kadi ya chakula. Unga, maharagwe, mafuta ya kopo. Nusu ya mtaa wetu ilipanda lori. Hakuna aliyewaza kuhusu uraia. Nani anawaza uraia na mtoto analia njaa? Waliambiwa waweke vidole kwenye kioo, wakaweka. Sijui kama kuna watu wengine duniani waliowahi kufanya kosa kama hili letu: kuikana nchi yao kwa gunia la unga bila kujua kwamba wameikana.

Mama alikuwa anipeleke mimi. Kadi ilihitaji mtoto, na mimi ndiye niliyekuwa mwanawe wa kumzaa. Lakini juma lile nilikuwa na surua, macho yamegandamana, siwezi hata kusimama. Basi akampeleka yeye. Wakatoka alfajiri, wakarudi jioni. Nakumbuka alivyoingia akijivuna, akanionyesha vidole vyake na kuniambia mashine imewaka taa ya kijani chini yake. Nikaona wivu, nikalia. Uji wa kwanza wa unga ule nilipewa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa.

Tulipofika umri wa kitambulisho, tulikwenda siku moja. Mimi niliulizwa mambo ya babu na kisima, nikajibu, nikaandikishwa. Yeye alipoweka vidole, afisa alitazama kompyuta yake kwa muda, kisha akamgeuzia uso na kumwambia, bila hata ukali, kwamba yeye ni mkimbizi na arudi kambini kwake. Kambi gani? Alikuwa amekaa Dadaab nusu siku. Kwingine kote hakukujua, hata Elwak hajawahi kufika, sembuse kuvuka mpaka.

Alisoma hivyo hivyo. Chuo kilimpokea kwa vyeti vyake vya shule, akamaliza uuguzi na ukunga akiwa wa kwanza darasani. Lakini leseni ya kazi haitolewi bila kitambulisho. Kwa hiyo alifanya kazi miaka minne katika zahanati ya mtu binafsi, chumba cha nyuma, bila jina lake kuandikwa popote. Watoto aliwapokea yeye, sahihi waliweka wengine. Nyingine niliweka mimi, nilipokuwa napita pale baada ya zamu yangu hospitalini. Kuna watoto Garissa hii ambao karatasi inasema niliwapokea mimi, na mimi sikuwahi kuwaona.

Kisha ikaja habari kwamba maafisa watakuja kuwasikiliza Wakenya walioandikishwa kambini kama wakimbizi, ili majina yao yatolewe katika daftari la wakimbizi. Wangekaa Garissa wiki mbili tu. Wazee wa upande wa baba yake huko Bute, waliokuwa bado hai, hawakumkumbuka. Chifu naye, mtu wa kujilinda, alisema atampigia muhuri wa kumtambua iwapo ataona kwanza barua ya watu wa kazi yake wanaosema wanamjua. Watu wa kazi yake ni chama chetu. Barua ya chama huandikiwa mwanachama. Na mwanachama ni aliyesimamiwa.

Ijumaa, kabla ya mkutano, alinikuta uani nikianika nguo.

"Abaayo," akaniita, yaani dada, "kesho utanisimamia?"

"Hilo nalo la kuuliza? Wallahi nitasimama."

"Watakuuliza nilifikaje kambini."

"Nitawaambia."

Akachukua nguo kutoka kwenye beseni, tukaanika pamoja. Wa kumsimamia mwingine alikuwa amempata: muuguzi mmoja mtu mzima kutoka Kitui, aliyefanya naye kazi kule zahanati. Mama alikuwa kivulini akichambua mchele na alisikia kila kitu. Hakusema neno. Mimi nikakichukua kimya chake kuwa ni hofu, na nikakihifadhi mahali pa kukipata haraka.

Asubuhi ya Jumamosi ukumbi ulijaa. Tunaendesha mikutano kwa Kiswahili, kwa kuwa wanachama wetu wengine wametoka Kenya ya chini, kama Kitui na Nyeri, na Kisomali hawakijui. Ajenda ya kwanza ilikuwa barua za mapendekezo kwa wanaokwenda nje. Ndivyo chama chetu kilivyogeuka miaka hii: wanawake wanajiunga ili wapate karatasi ya kuondokea. Siwalaumu sana. Mtu akifanya kazi miezi mitatu bila mshahara, hata jangwa la Uarabuni huanza kumpendeza. Barua zilikuwa tano, tatu za Uingereza, mbili za Ghuba. Zilipita kabla chai haijachemka. Hakuna aliyeuliza babu wa mtu.

Mwenyekiti aliwapongeza, akasema wametutoa kimasomaso. Mwenyekiti wetu mwenyewe alikuwa amerudi kutoka Ulaya miaka miwili kabla, na pasipoti ya huko kwenye mkoba. Alikwenda akiwa mtoto, kama mkimbizi, akasomeshwa kama mkimbizi, na akarudi kuwa mtaalamu. Kitambulisho cha Kenya alikipata ndani ya mwezi, nyumbani kwa shemeji yake, kikombe mkononi. Sijawahi kumwona akizalisha mtu katika joto hili letu.

Kisha dada yangu akaitwa mbele. Aliketi kwenye kile kiti, amevaa sare yake nyeupe aliyoinyoosha yeye mwenyewe, mikono juu ya magoti.

Yule mama wa Kitui akasimama wa kwanza. "Mimi huyu namjua," akasema. "Tumefanya kazi miaka minne. Kuna siku stima ilipotea mtoto akija na miguu, daktari hapatikani. Huyu msichana ndiye alimtoa, na mama hai na mtoto hai. Kama yeye si mkunga, basi na mimi toeni jina." Akaketi, akajifuta jasho.

"Wa pili?" akasema mwenyekiti. Halafu, kabla sijasogea, akainua mkono. "Ngoja kwanza, walaal. Mimi nasema wazi. Nimeambiwa huyu jina lake iko kambini. Sisi ni chama ya wataalamu, si shirika ya qaxooti. Wafadhili wanatuangalia. Mwenye atasimama, nitamuuliza: nani alimpeleka kule? Nani alidanganya achukue chakula ya watu? Hiyo ni kesi, haye. Na mimi siwezi kuweka sahihi kwa karatasi ya mtu yuko na kesi."

Qaxooti, mkimbizi, alilitamka neno hilo kana kwamba si yeye aliyelibeba kwenye ndege akiwa na miaka sita.

Nilikuwa na kalamu mkononi. Dada yangu akanitazama. Hakunitazama kwa kusihi. Alinitazama kama mtu anayemngoja mwenzake amalize kufunga kiatu waendelee na safari. Mimi nikaangalia daftari. Niliona mstari, nikaona tarehe niliyoandika juu, nikaona nukta ya wino iliyovujia upande wa pili wa karatasi. Nilimwaza mama akiitwa kituoni, mwanamke wa umri ule, akiulizwa juu ya maharagwe aliyokula zamani. Nilijiambia, unamlinda mama yako. Nililisema moyoni mara mbili tatu, nalo likazidi kunoga.

"Wa pili hakuna?" mwenyekiti akauliza.

Mama wa Kitui akageuka kitini. "Katibu, si wewe ni ndugu yake? Si mmelelewa pamoja?"

"Katibu ana kazi ya kuandika," mwenyekiti akasema, na wachache wakacheka.

Nikaandika. Bado naijua sentensi ile kwa moyo kwa sababu ni mimi niliyeitunga: Msimamizi wa pili hakupatikana, ombi likaahirishwa. Mwandiko mzuri kabisa.

Dada yangu alisimama, akasema "Asanteni," akatoka. Chai hakunywa.

Nilipofika nyumbani, mama alikuwa ameketi sebuleni amejitanda garbasaar yake ya sikukuu, ile ya maua ya manjano, na viatu miguuni. Saa ile ya adhuhuri, joto lile, na viatu miguuni ndani ya nyumba.

"Umesimama?" akaniuliza.

Nikamweleza mwenyekiti alivyosema. Nikatia chumvi kidogo juu ya polisi. Nikamwambia kwamba nilichelea watakuja kumsumbua.

"Wanisumbue mimi?" akasema. "Nimevaa tangu asubuhi nikingoja unitumie bajaji. Nilitaka nije niwaambie ni mimi niliyempeleka. Mimi ni mzee, wangenifanya nini? Wangenila?"

"Hooyo, hukuniambia."

"Ulisema kwa kinywa chako utasimama. Niseme nini zaidi?" Akavua viatu, akaviweka pamoja ukutani. "Usinifanye mimi kuwa sababu yako. Tafuta sababu yako."

Basi niseme sababu yangu, kwa kuwa nimechoka kuizunguka. Kati ya zile barua tano, moja ya Uingereza ilikuwa yangu. Ilikuwa imepita asubuhi ile, imeshangiliwa, ila haijatiwa sahihi, na sahihi ilikuwa ya yule mwanamke mwenye pasipoti mkobani. Nilimuuza dada yangu kwa sahihi moja. Si woga wa polisi, si huruma kwa mzazi. Nilitaka kuondoka, na nilikuwa tayari kuondoka juu ya mgongo wa aliyetaka kubaki.

Barua niliipata Jumatatu. Maafisa wakakaa wiki zao mbili, wakaondoka na majina waliyoyatoa, na la dada yangu halikuwamo. Ombi langu la Uingereza lilirudi baada ya miezi saba na aya mbili za kunikatalia, bila kueleza. Sikulia. Ningelia kwa uso gani?

Yeye hakunigombeza hata siku moja, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliendelea kulala nyumbani karibu mwezi mzima, akisema nami mambo ya chumvi na maji na nani atafagia. Nilijaribu kuomba msamaha, akaniambia, "Haya, yameisha," kwa sauti ya mtu anayemfukuza muuzaji mlangoni. Kisha akafunga mkoba mmoja, akambusu mama mikono, akaenda Dadaab. Alisema kule angalau jina lake lipo kitabuni. Alipata kazi katika wodi ya wazazi kambini. Mkimbizi haajiriwi kama mtu mwingine. Hupewa kitu kidogo wanachokiita motisha, kwa kazi ile ile na saa zile zile. Aliyewekwa juu yake ni msichana aliyetoka chuoni mwaka juzi, mwenye leseni.

Sasa, mwaka jana chama chetu kilipata mradi. Wafadhili walitaka kuwainua wanawake wakimbizi wenye taaluma, na chama kilichokuwa si shirika la qaxooti kikawa shirika la qaxooti kwa alasiri moja. Mwenyekiti alihutubia vizuri sana juu ya uhamiaji na akina mama. Alitokwa na machozi aliposimulia utoto wake. Nilitumwa mimi kambini pamoja na mpiga picha kukusanya habari za wanawake kumi kwa ajili ya kitabu cha mradi. Orodha ilitoka kwenye hospitali ya kambi. Jina lake lilikuwa la kwanza, na pembeni mtu alikuwa ameandika: hodari kuliko wote.

Ningeweza kumpa mwingine safari ile. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kumwona, na kwa sababu nilitaka anione nimekwenda.

Alitoka wodini akivua glavu. Amekonda, lakini uso ni ule ule, mtulivu. Mpiga picha akamweka kwenye mwanga, akampiga picha tatu, akaenda kutafuta maji. Tukabaki wawili kwenye benchi la nje, na fomu juu ya goti langu.

"Karibu, katibu," akasema. Hakusema abaayo.

Nikamwuliza maswali. Jina. Umri. Kazi. Changamoto za mwanamke mkimbizi mtaalamu. Akajibu kwa ufupi, kama anayesoma mapigo ya moyo kwenye chati. Nikafika mstari wa nchi ya asili, nikainua kalamu.

"Hapo unaulizaje?" akasema.

"Nchi ya asili."

"Hilo unanijibia wewe. Andika."

Hapakuwa na mwenyekiti. Hapakuwa na ukumbi wala wafadhili, wala barua yangu haikuwa mezani kwa mtu. Palikuwa na benchi, na kalamu, na mtu niliyelala naye mkeka mmoja. Kama kuna saa niliyopewa bure ili niirekebishe ile Jumamosi, ilikuwa ile. Lakini fomu ilikuwa ya wakimbizi. Ningeandika Kenya, angetolewa kwenye mradi, picha zingerudiwa na mwingine, nami ningelazimika kueleza ofisini kwa nini, tangu mwanzo. Sababu zilinijia tena zimepangwa vizuri, kila moja na viatu vyake.

Nikaandika Somalia.

Aliisoma pale pale, kichwa amekiinamisha upande. Akachukua kalamu mkononi mwangu, akaweka sahihi chini, akanirudishia. Nikamwuliza, kwa kukosa la kusema, kama ana salamu za kumpelekea mama.

"Mwambie simdai kitu," akasema. "Yeye alinileta huku siku moja, na jioni akanirudisha nyumbani. Aliyeniacha ni wewe."

Ndani mwanamke alikuwa ameanza kuita. Akavaa glavu nyingine, akaenda.